Duka la Chama la Mtandaoni: Mali Itatoka Wapi?

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi siku hizi husikika mara kwa mara pendekezo la kufungua duka la mtandaoni. Pendekezo lenyewe ni jema. Simu za mkononi zimeenea hadi vijijini, malipo kwa simu yamekuwapo nchini tangu 2008, na basi liendalo mkoani huchukua kifurushi kama lichukuavyo abiria. Hata hivyo, mjadala unaofuata pendekezo hilo mara nyingi huwa juu ya mambo mawili tu: nani atapiga picha, na nani atajibu simu. Swali la tatu, ambalo kwa uzito ndilo la kwanza, huachwa hadi fedha za wanachama zimekwisha kutumika. Mali ya kuuza itatoka wapi, na itakuwa mikononi mwa nani siku mnunuzi atakapoilipia?

Swali hilo si geni katika ushirika. Waasisi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walianza na vitu vichache mno: unga, siagi, sukari na shayiri ya uji. Walijua kwamba wenye maduka wengi wa siku zile walichanganya unga na vitu visivyolika na kupunja mizani, kwa hiyo walikazana kwanza kupata mali safi, ingawa haba. Duka lilipostawi ilidhihirika kwamba duka la ushirika linunualo kwa wafanyabiashara wa jumla bado limo mikononi mwao kwa bei na kwa ubora. Ndipo 1863 vyama vya kaskazini mwa Uingereza vilipoungana kuunda chama chao cha jumla, ambacho baadaye kilimiliki hata viwanda.

Hapa kwetu COSATA iliundwa 1962 kwa shabaha kama hiyo, yaani kuagiza mali na kuyauzia maduka ya ushirika kwa jumla. Yaliyofuata yanakumbukwa na wazee. Vyama vikuu vilivunjwa Mei 1976, na mwaka huo huo maduka ya vijiji yalifunguliwa kwa wingi chini ya Operesheni Maduka, yakitegemea Makampuni ya Biashara ya Mikoa kwa karibu kila kitu. Bidhaa zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, maduka mengi yalibaki na jengo, leja na mwuzaji, ila rafu zikawa tupu. Duka la mtandaoni nalo laweza kuwa tupu vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba utupu wake hauonekani, kwa kuwa picha hubaki mahali pake hata mali ikiisha.

Tena mnunuzi wa mtandaoni hawezi kuishika bidhaa, kuinusa wala kuipima kwa mkono. Picha na maelezo ndiyo ahadi pekee aliyopewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka mwuzaji ajitambulishe kwa jina na anwani na aieleze bidhaa na bei yake kwa ukamilifu. Nayo inampa mnunuzi siku 7 za kuweza kuvunja mapatano, isipokuwa kwa aina fulani za bidhaa. Chama kisichojua mali yake inakotoka hakiwezi kutimiza ahadi hiyo.

Mali ya wanachama wenyewe

Chanzo kilicho karibu zaidi ni mazao na kazi za mikono za wanachama. Ndicho chanzo kinachostahili kufikiriwa kabla ya vingine vyote, si kwa sababu ya uzalendo, bali kwa sababu mwuzaji na mmiliki ni watu wale wale, na kila senti ya thamani inayoongezwa humrudia aliyelima. Lakini ndicho pia chanzo ambacho vyama hukadiria vibaya kuliko vyote, kwa kuwa mali huingia kwa kipimo cha kijiji na kutoka kwa kipimo cha duka.

Chukuliwe mfano wa asali, maana mikoa ya miombo kama Tabora na Katavi inayo kwa wingi. Mwanachama huleta debe la lita 20. Asali ni nzito kuliko maji. Lita 1 ina uzito wa karibu kilo 1 na gramu 400. Basi debe hilo lina karibu kilo 28, wala si 20. Chukuliwe kwamba chama kimelinunua kwa shilingi 160,000 na kwamba kinauza chupa iliyoandikwa kilo 1 kwa shilingi 9,000, na kila chupa pamoja na karatasi yake imegharimu shilingi 600. Katibu akijaza chupa za lita 1 na kuziita za kilo 1, atapata chupa 20. Mauzo yatakuwa shilingi 180,000, na baada ya kutoa ununuzi na chupa zitabaki shilingi 8,000, ambazo hazitoshi hata nauli ya kupeleka mzigo stendi. Akipima kwa mizani atapata chupa 28. Mauzo yatakuwa shilingi 252,000 na masalio shilingi 75,200 kwa debe lile lile. Kwa madebe 50 tofauti ni shilingi 3,360,000. Hakuna mtu aliyeiba katika hesabu hiyo, na mkaguzi wa vitabu ataona ununuzi umeandikwa sawasawa na mauzo yameandikwa sawasawa. Fedha imepotelea kati ya debe na mizani.

Kwa ajili hiyo mizani iliyopimwa na kupigwa alama na Wakala wa Vipimo ndiyo kifaa cha kwanza cha duka la mtandaoni, kabla ya simu yenye kamera nzuri. Cha pili, kwa wenye asali, ni refraktomita, yaani kifaa kidogo cha mkononi kionyeshacho kiasi cha maji kilichomo. Kipimo cha kimataifa cha vyakula hakiruhusu asali ya kawaida kuwa na maji zaidi ya asilimia 20. Ikizidi huchacha, povu hutokea, kifuniko hupanda, na chupa iliyoondoka Sikonge ikiwa safi hufika Dar es Salaam ikivuja. Sababu kubwa ni kurina masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Mwanachama anayelipwa bei moja kwa debe lolote hana haja ya kungoja masega yafunikwe. Akilipwa zaidi kwa asali iliyoiva na isiyonuka moshi, atangoja. Bei ya kupokelea ndiyo mwalimu, na semina haiwezi kushika nafasi yake.

Vilevile yafaa maelezo ya duka yaseme wazi kwamba asali safi huweza kuganda. Wanunuzi wengi wa mjini wakiona imeganda hudhani imetiwa sukari na kuirudisha. Chupa ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 45 hurudi hali yake. Sentensi moja ya namna hiyo huokoa marejesho mengi.

Kahawa ina hesabu yake. Kilo 100 za kahawa ya maganda iliyokauka vizuri hutoa kiasi cha kilo 80 za kahawa safi baada ya kukobolewa, nazo zikikaangwa hupungua tena kwa asilimia 15 hadi 20, zikabaki kilo 64 hadi 68. Katika pakiti za gramu 250 hizo ni pakiti 256 hadi 272. Chama kipangacho bei kwa kugawanya gharama ya kilo 100 kwa pakiti 400 kitauza kwa hasara tangu pakiti ya kwanza. Kadhalika ikumbukwe kwamba kahawa ina Bodi yake na leseni zake, na kwamba mazao yauzwayo kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kama korosho iliyoingizwa katika mfumo huo msimu wa 2007/2008, hayawezi kuchepushwa kwenda dukani kwa uamuzi wa kikao cha Bodi ya chama peke yake. Katibu aulize kwanza kwa Ofisa Ushirika na kwa bodi ya zao, apate jibu la maandishi.

Chakula kilichofungashwa chahitaji alama ya Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo lishughulikialo pia usalama wa vyakula na vipodozi. Ofisi za SIDO mikoani huwasaidia wazalishaji wadogo kuianza safari hiyo, pamoja na kuwaelekeza wapatapo chupa, mifuko na mashine za kufungia. Karatasi ya chupa iandikwe uzito halisi bila chupa, jina na anwani ya mfungashaji, tarehe ya kufungashwa, tarehe ya mwisho wa kutumika, na namba ya toleo. Namba ya toleo hudharauliwa sana. Faida yake huonekana siku mnunuzi mmoja analalamika: chama chenye namba hutazama daftari, kikajua debe lilitoka kwa nani, na kuondoa dukani chupa 28, kisicho nayo huondoa zote. Msimbo wa mistari, ambao kwa Tanzania huanza na tarakimu 620, ni wa lazima zaidi kwa chama kitakachouza pia katika maduka makubwa. Duka la mtandaoni pekee laweza kuungojea.

Vyama vingine

Duka lenye bidhaa moja huchosha wanunuzi. Aliyenunua asali angependa pia mchele, dagaa au kikapu. Kanuni ya ushirikiano baina ya vyama, iliyoongezwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1966, hapa yaweza kuwa biashara badala ya hotuba. Chama cha Tabora chaweza kupata mchele kwa chama cha Kyela, na vikapu vya milulu kwa kikundi cha akina mama wa Iringa, kikawapelekea asali yake wauze nao. Kinachotakiwa ni kielelezo. Kila upande ufunge sampuli mbili za bidhaa zilizokubaliwa, zitiwe lakiri na sahihi, moja ibaki kwa mwuzaji na moja kwa mnunuzi. Mzigo ukija pungufu ya kielelezo hakuna haja ya kugombana kwa simu. Vyama hupenda kuaminiana kwa maneno kwa sababu ni ndugu. Undugu huo hudumu zaidi panapokuwa na sampuli kabatini.

Jumla na viwandani

Kwa bidhaa za viwandani, kama vile sabuni, taa za jua, vyombo na pembejeo ndogo, chama kitanunua ama kwa kiwanda, ama kwa wakala wa kiwanda, ama kwa wenye maduka ya jumla. Kiwanda kina bei nafuu lakini hudai kiasi kikubwa. Wakala huwa na eneo lake na masharti yake. Kariakoo ina kila kitu, nayo huuza hata dazeni moja. Vyama vingi huishia Kariakoo, na si vibaya, mradi mambo matatu yaangaliwe.

Kwanza, risiti ya mashine ya kodi. Bei isiyo na risiti huonekana ndogo, lakini mali isiyo na risiti haiwezi kuingia katika vitabu vya chama kwa uhalali, wala kurudishwa ikiwa mbovu. Pili, wajumbe waendao kununua wawe wawili na wapate bei za maduka yasiyopungua matatu kwa maandishi. Tatu, isitegemewe pepo moja kuvusha jahazi: Mei 2023, na tena Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa kwa madai yao ya kodi, na wote waliokuwa hawana chanzo kingine walisimama nao. Kwa kila bidhaa inayotoka sana, katibu awe na jina la mwuzaji wa pili ambaye alikwisha kununua kwake angalau mara moja.

Hapa panafaa neno juu ya kupanga bei, kwa sababu kosa moja hujirudia. Bidhaa iliyonunuliwa kwa shilingi 10,000 ikiongezwa asilimia 20 huuzwa kwa 12,000. Makatibu wengine huandika katika makisio kwamba duka litapata asilimia 20 ya mauzo. Sivyo. Shilingi 2,000 katika 12,000 ni asilimia 16 na theluthi mbili. Anayetaka asilimia 20 ya mauzo hana budi kuuza kwa 12,500. Kwa mauzo ya shilingi milioni 30 kwa mwaka, tofauti kati ya kilichoandikwa na kilichopatikana ni shilingi 1,000,000, nayo ndiyo ile itakayoitwa "upotevu" katika mkutano mkuu na kumtia katibu katika mashaka asiyostahili. Na kabla ya kuongeza asilimia yoyote, gharama ya bidhaa ihesabiwe hadi mlangoni pa bohari ya chama: bei, uchukuzi, upakuaji, ada ya kutuma fedha, na vilivyovunjika njiani.

Mali kauli na kazi ya uwinga

Njia ipendwayo sana na wasio na mtaji ni ya kuuza mali ambayo hawajainunua. Ina sura mbili, na yafaa zisichanganywe.

Sura ya kwanza ni mali kauli. Mwenye mali hukipa chama bidhaa, chama huziuza, kisha humlipa. Mali imo boharini, inaonekana na inahesabika. Hatari yake iko katika vitabu. Ikiwa mapatano ni kwamba mali hubaki ya mwenyewe hadi iuzwe, basi si mali ya chama. Iwekewe rafu yake na kadi yake ya bohari, na siku ya kuhesabu mali ya mwisho wa mwaka isijumlishwe katika mali ya chama, la sivyo ziada itaonekana kubwa kuliko ilivyo na wanachama watagawana fedha za mtu mwingine. Ikiwa mapatano ni kwamba chama kimeichukua na lazima kilipe baada ya siku 30, iuzwe isiuzwe, basi hilo ni deni, nalo limo ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kukubaliwa na Mrajis. Kuna wajumbe wa Bodi waaminio kwamba ukomo wa madeni ni habari ya benki tu. Taa za jua za shilingi milioni 8 zilizochukuliwa kwa kauli ya siku 30 ni mkopo wa shilingi milioni 8, hata kama hakuna aliyetia sahihi mbele ya meneja wa benki.

Sura ya pili ni ile ya winga. Mwuzaji hana mali kabisa. Ana picha. Mnunuzi akilipa, winga hukimbilia duka la mwenye mali, hununua, na kutuma. Vijana wengi wa Kariakoo huishi kwa kazi hiyo, na katika nchi nyingine yako maduka makubwa ya mtandaoni ambayo kwa kweli ni uwinga uliovaa suti, kwani mali hutoka moja kwa moja kwa kiwanda au mwenye ghala kwenda kwa mnunuzi bila mwuzaji kuigusa. Kwa mtu binafsi aliye umbali wa hatua mia kutoka duka la jumla, njia hiyo yaweza kumlisha. Kwa chama kilicho kilomita mia saba, mambo ni mengine.

Chukuliwe mfano. Chama kimeweka picha ya taa ya jua kwa shilingi 45,000, kikijua kwamba huko Kariakoo inauzwa 35,000 na kuituma kwa basi ni 5,000. Kinatazamia shilingi 5,000. Mnunuzi wa Sumbawanga analipa Ijumaa jioni. Jumatatu mwenye duka anasema mzigo wa zamani umekwisha na mpya ni shilingi 42,000. Chama kikituma, kimepoteza 2,000. Kisipotuma, kimekaa na fedha za mtu siku tatu na sasa kinamrudishia, pamoja na ada ya kutuma. Na ikiwa taa ilitumwa na haiwaki, atakayepigiwa simu ni katibu wa chama, ambaye hajapata kuiona taa hiyo kwa macho yake. Mwenye duka hajui kwamba kuna mtu Sumbawanga.

Pamoja na hayo njia hii haipaswi kukataliwa moja kwa moja. Ina faida moja ya kweli: huonyesha kile ambacho watu wanataka kabla fedha ya wanachama haijafungwa katika mali. Chama kinachotaka kujua kama mashine ndogo za kukamua alizeti zina wanunuzi chaweza kuweka picha moja na kungoja mwezi. Lakini kifanye hivyo kwa mapatano ya maandishi na mwenye mali, yenye kueleza bei itadumu kwa siku ngapi, nani atajulisha mali ikiisha na kwa njia gani, nani atalipa gharama ya kurudisha kilicho kibovu, na katika siku ngapi. Kipande kimoja cha bidhaa hiyo kinunuliwe na kukaa ofisini ili maelezo yaandikwe kutokana na kitu chenyewe, na picha ipigwe hapo. Maelezo ya duka yaseme kwamba bidhaa huagizwa na hufika baada ya siku kadha wa kadha. Na fedha ya mnunuzi isihesabiwe kuwa mauzo mpaka athibitishe kupokea. Ikae katika akaunti ya amana, isiguswe kwa mishahara wala posho.

Mali ya ng'ambo

Wapo wajumbe waliokwisha kuona bei za viwanda vya China katika simu zao na kuuliza kwa nini chama kinunue Kariakoo. Swali lina haki yake, maana sehemu kubwa ya mali ya Kariakoo hutoka Guangzhou na Yiwu. Jibu limo katika hesabu.

Chukuliwe vyombo 500 vinavyouzwa huko kwa thamani ya shilingi 6,000 kila kimoja, yaani shilingi 3,000,000. Nauli ya meli na bima ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha huhesabiwa juu ya jumla ya vyote vitatu, yaani 4,000,000. Chini ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambao tangu 2022 una viwango vikuu vya asilimia 0, 10, 25 na 35, bidhaa nyingi zilizo tayari kutumika huangukia katika viwango vya juu. Kwa asilimia 25 ushuru ni 1,000,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 5,000,000, nayo ni 900,000. Jumla imefika 5,900,000, na chombo cha shilingi 6,000 sasa ni shilingi 11,800. Kwa kiwango cha asilimia 35 kingekuwa 12,744. Bado hazijahesabiwa tozo ndogondogo za forodha, malipo ya wakala, gharama za bandari, lori la kuja mkoani, na vilivyovunjika. Chama kilichosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani chaweza kuidai ile 900,000, kisichosajiliwa kimeimeza.

Kuna pia muda. Mzigo wa baharini huchukua mwezi mmoja au zaidi majini pekee, mbali na siku za kukusanya na kugomboa, na kiwanda kwa kawaida hudai asilimia 30 kabla ya kuanza na iliyobaki kabla ya kupakia. Basi fedha ya wanachama huwa nje kwa miezi kadhaa bila kitu mkononi. Bidhaa nyingi, kwa utaratibu wa TBS ulioanza 2012, hutakiwa kukaguliwa huko zitokako na kupewa cheti kabla ya kupakiwa. Zikija bila cheti huweza kucheleweshwa na kugharimu zaidi.

Chama kimoja cha msingi hakina nguvu ya kubeba hayo peke yake, na haifai kijaribu. Lakini vyama kumi vikichangia kontena moja chini ya chama kikuu, kwa bidhaa moja inayojulikana kwamba hutoka, kama magunia ya kuhifadhia nafaka au chupa za asali, hesabu hubadilika. Jaribio liwe dogo kwanza, kwa mzigo wa kuchangia unaotozwa kwa mita ya ujazo. Sampuli iletwe kwa ndege na kukaguliwa kabla ya malipo makubwa. Mwuzaji akidai fedha yote ipelekwe kwa akaunti ya mtu binafsi, shauri liishie hapo.

Karatasi za kushika

Uamuzi juu ya chanzo cha mali uandikwe katika kumbukumbu za Bodi kwa kila bidhaa: inatoka kwa nani, kwa bei gani, kwa masharti gani, na mwuzaji wa pili ni nani. Mjumbe mwenye duka, au ambaye ndugu yake ana duka linalofikiriwa, aseme hivyo na atoke nje wakati wa kuamua. Kutoka kwake kuandikwe pia. Mtaji wa duka uwe katika makisio yaliyopitishwa, wala usichotwe katika fedha za malipo ya pili ya mazao ya wanachama, hata kwa wiki moja, hata kwa nia njema.

Kila bidhaa iwe na kadi ya bohari, na juu ya kadi iandikwe kiwango cha kuagizia tena. Hakipatikani kwa kubahatisha. Duka likiuza chupa 6 kwa siku, na mwuzaji akichukua siku 10 kuleta mzigo, chupa 60 zitaondoka wakati wa kungoja. Zikiongezwa 20 za akiba ya mvua na barabara mbovu, kiwango ni 80. Mtunza bohari akiona kadi inasoma 80, anamwandikia katibu siku hiyo hiyo. Ikisoma 20 na mzigo haujafika, mwenye kujibu simu apunguze ahadi za siku ya kufika. Ikisoma 0, picha iondolewe mtandaoni kabla ya ofisi kufungwa jioni, na jina la aliyeiondoa liandikwe katika daftari pamoja na saa.

Marejesho nayo yawe na daftari lake, lenye tarehe, namba ya toleo, sababu aliyoitoa mnunuzi kwa maneno yake, na chanzo cha bidhaa. Baada ya miezi 3 katibu ajumlishe marejesho kwa kila chanzo, si kwa kila bidhaa, na kuyapeleka mbele ya Bodi pamoja na taarifa ya mauzo. Huenda mchele uliolalamikiwa mara 9 ulitoka kwa wauzaji wawili, na malalamiko yote 9 yakawa ya mmoja.